Siku Ambayo Sikutundika Mkia

Ngozi mbichi ya ng'ombe ni nzito kuliko unavyodhani. Ukiibeba begani mara ya kwanza utasema ng'ombe mwenyewe yumo bado, amejilegeza tu ili akushinde. Siku yangu ya kwanza kiwandani nilianguka nayo chali mbele ya wanaume kumi na wawili, na mmoja wao akasema: "Mumuache, anaongea na ng'ombe."

Kicheko kile ndicho kilichonipokea kazini. Nawaandikia ninyi vijana wa Kalemie mnaoanza kuitwa kazini katika viwanda vidogo, vya sabuni, vya rangi, vya betri. Nawaona mnapita asubuhi na makoti mapya ya kazi, na moyo wangu unafurahi, kisha unaogopa. Masini mtafundishwa kuiogopa, maana inakata kidole na damu inaonekana. Mimi nataka kuwaeleza kitu kinachotoka nyuma ya kiwanda, kimya, kikiteremka kwenda kwa watu ambao hakuna aliyewaajiri.

Kiwanda chetu kilikuwa cha kutengeneza ngozi. Hakipo tena, msikitafute. Mabati yamekwisha kung'olewa na ukuta unaobaki umefunikwa na majani. Ngozi zilitoka Pepa, kule juu kwenye ng'ombe wengi, zikiwa zimepakwa chumvi. Zilishuka kwa lori mpaka Moba, zikapanda boti, zikatufikia zikinuka kiasi kwamba mbwa wa bandarini walizisindikiza. Sisi wenyewe tulinuka. Kanisani hatukukosa nafasi hata Pasaka: tukikaa kwenye benchi, benchi lote ni letu. Mke wangu, Mungu ampumzishe, alinipa sahani yangu ya bukari, ule ugali wetu wa mihogo, na ndagala nje ya mlango miaka yote, hata mvua ikinyesha, na watoto wakadhani ni desturi ya kabila la baba yao.

Aliyenifundisha kazi ni Papa Zakaria. Alizaliwa Pepa, mtoto wa wachungaji, na alijua ngozi kabla hajajua kusoma. Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari kwa wamisionari wa Kongolo, nikajiona msomi. Yeye aliweza kushika ngozi gizani akakuambia ng'ombe yule alilala upande gani.

Ngojeni niwaeleze maajabu niliyoyaona pale, maana sitaki mdhani niliichukia kazi. Niliipenda sana.

Ngozi ikishalowekwa na kuoshwa, tuliitia kwenye shimo la chokaa, pamoja na dawa moja ya magunia ambayo sisi tuliiita wembe, kwa kuwa inanyoa. Asubuhi ya tatu, ukipitisha upande wa kiganja juu ya ngozi, manyoya yanateleza yenyewe kama povu, na chini yake inatokea ngozi nyeupe, imevimba, laini kama shavu la mtoto. Nilifanya kazi hiyo miaka mingi na kila mara nilishika pumzi. Maji yanayobaki kwenye shimo hilo ndiyo tuliyaita maji meupe. Muyakumbuke.

Halafu kulikuwa na dawa ya bluu, inayoifanya ngozi isioze milele. Papa Zakaria aliniita jikoni siku ya kwanza ya pipa la bluu. Alikata kipande cha ngozi kidogo, akakiweka juu ya karatasi, akachora mpaka wake kwa kalamu, akakitupa kwenye sufuria ya maji yanayochemka. Ngozi mbichi ukiichemsha inajikunja, inakuwa mchuzi. Kipande kile alikitoa, akakirudisha juu ya mchoro wake. Kilienea sawasawa, hakikupungua hata unywele mmoja.

"Unaona?" aliniuliza.

"Ninaona, Papa."

"Huoni. Kitu kilichokufa kimekataa kuoza. Hiyo si kitu kidogo. Muogope dawa yenye inaweza kukataza kuoza."

Nilidhani anatania. Kwangu kuoza kulikuwa adui, na dawa ni rafiki aliyemshinda. Sikujua ni vitu vingapi duniani vinaishi kwa kuoza, na ni watu wangapi wanakula kwa sababu yake.

Kosa langu la kwanza kubwa lilikuwa la bidoni, yaani dumu, ya asidi. Kazi yake ilikuwa imeisha, asidi imebaki kidogo chini, nikaona niimwage mferejini. Mferejini palikuwa pamesimama maji meupe. Papo hapo ikapanda harufu ya mayai yaliyooza, nzito, ikanikaba, halafu ikatoweka kabisa. Nikashukuru, nikainama kuchukua kifuniko. Nilichokumbuka baadaye ni kola ya shati langu ikininyonga, na mimi ninaburutwa juu ya changarawe kama ngozi.

"Unasikia harufu?" Papa Zakaria alinipigia kelele akiwa amenikalia tumboni.

"Hapana, Papa. Imeisha."

"Haikuisha. Pua yako njo imeisha! Ingebaki kidogo na weye uishe."

Ndivyo ilivyo, wanangu. Hewa ile ikiwa kidogo, inanuka. Ikiwa nyingi, inaiua pua kwanza ili isikuonye. Kwa hiyo mahali penye dawa hizo mbili, asidi na wembe, harufu ikikoma ghafla usishukuru. Kimbia, tena kimbilia juu upepo unakotoka, maana hewa hiyo inatambaa chini kama nyoka. Na usimfuate mwenzako aliyeanguka shimoni bila kamba kiunoni na watu wa kuivuta. Papa Zakaria aliivunja sheria hiyo yake mwenyewe kwa ajili yangu, na alinichapa makofi mawili kwa hasira ya hilo.

Sasa niwaeleze kijito. Nyuma ya kiwanda kilipita kijito tulichokiita Kalolo, kinachoingia ziwani. Katika kiangazi unaweza kukiruka bila kulowa. Upande wa chini, kabla ya ziwa, wanawake wa mtaa walikuwa wamezungushia mawe vidimbwi vyao vya kulowekea mihogo. Mnajua wenyewe mihogo michungu: ukiila hivi hivi inakuua. Inamenywa, inalowekwa siku tatu au nne mpaka ilainike na kutoa ile harufu yake ya uchachu, ndipo inaanikwa na kutwangwa. Na msimu wa kuloweka ni kiangazi, kwa sababu ya jua la kuanikia. Yaani wakati ule ule ambao kijito kinakuwa chembamba kabisa.

Papa Zakaria alikuwa na utaratibu ambao haukuandikwa popote. Maji meupe tuliyaweka kwenye mashimo matatu, moja baada ya jingine. Tuliyakoroga kwa makasia siku nyingi ili hewa iyale makali, chokaa ikatulia chini, na yale yaliyochujika ndiyo yaliyotoka, kidogo kidogo. Na hata hayo hayakutoka kabla ya kutundika mkia. Mkia wa ng'ombe, mkavu, wenye manyoya yake, juu ya mti mrefu karibu na daraja la miguu. Mkia ukiwa juu, wanawake walitoa mihogo yao vidimbwini, wakaipeleka ziwani ndani ya vikapu vilivyofungwa kwa kamba, wakalalamika sana. Mkia ukishuka, walirudi.

"Zakaria, mukia wako unatutesa!" Mama Feza alimwambia kila mara.

"Mama Feza, mukia hautesi. Ng'ombe njo inatesa."

Huyo Mama Feza ndiye aliyekuwa na kidimbwi kikubwa kuliko vyote. Unga wake ulikuwa mweupe, hauna mchanga, na watu wenye matanga au harusi walimtafuta yeye kwanza. Alipima mihogo kwa kidole gumba: anabonyeza katikati, kikizama, imeiva. Alitutania sana sisi watu wa ngozi. Alisema tunaloweka vitu vyetu kama yeye, ila vyake vinaliwa.

Siku moja Papa Zakaria alinipandisha kilimani, tukakaa kutazama ziwa. Mchana ule lilikuwa limetulia, milima ya ng'ambo haionekani, maji na mbingu vimeshikana.

"Mito ngapi inaingia humu?" aliniuliza.

"Mingi, Papa. Sijui hesabu."

"Na milango ya kutokea?"

"Mmoja. Lukuga."

"Basi ile unatupa humu leo, itatoka lini?"

Nilikuwa nimesoma shuleni kwamba maji ya ziwa letu yanakaa humo vizazi na vizazi kabla ya kupata zamu ya kutoka. Ila sikuwahi kulitazama ziwa huku nikiliwaza hivyo. Kisha nikawaza Lukuga inayoondoka hapa, ikielekea upande wa Niemba, ikaingia Lualaba, ikapita chini ya daraja la Kongolo ambako mimi nilioga miaka yote ya shule. Nilikuwa nikioga maji ya nyumbani bila kujua. Nywele za mikono yangu zilisimama. Hata leo, nikisimama ufukweni, nasikia kitu hicho: kwamba niko mbele ya mtu mzima sana, asiyesahau.

Nilijua hayo yote, na bado nilifanya nililofanya. Ndiyo maana siwaambii kwamba elimu itawazuia.

Papa Zakaria alistaafu, mimi nikapewa mashimo. Kiangazi kilichofuata boti ilileta ngozi mara mbili ya kawaida, mashimo yote matatu yakajaa maji meupe ambayo hayajatulia. Jumanne asubuhi shefu, mkubwa wa kiwanda, aliniita biroo, ofisini kwake.

"Deo, Alhamisi tuna wageni kutoka Kinshasa. Wanakuja kutazama usafi. Ninataka yale mashimo matupu, yamesuguliwa."

"Shefu, maji hayajapumzika. Yanahitaji wiki mbili bado."

"Wiki mbili wageni watakuwa wapi?"

"Basi nitundike mkia leo, wanawake watoe mihogo, kesho..."

Akacheka. "Huo mukia! Mugeni aone mukia juu ya mti, aulize ni nini, ninamujibu je? Kwamba maji yangu ni mabaya mupaka ninaonya watu kwa ng'ombe? Hapana. Hakuna mukia. Fungua leo, tufunge mazungumuzo."

Nilitoka pale nikafanya hesabu. Naomba muisikilize hesabu hiyo, maana ni ya mtu aliyesoma. Nilisema: mashimo matatu, gawanya kwa ziwa lote la Tanganyika, jibu ni sifuri. Lilikuwa jibu sahihi. Nilichosahau ni kwamba kati ya shimo na ziwa kuna kijito, na ndani ya kijito kuna Mama Feza.

Ningeweza kuteremka kwa miguu, dakika tano tu, nikawaambia wanawake kwa mdomo. Niliogopa shefu angesikia. Nikafungua.

Kalolo ikawa nyeupe kama maziwa. Samaki wadogo walielea, bata wakawala wakashangaa bahati yao. Jioni maji yalikuwa yamekwisha kusafika kwa macho. Wageni wakaja Alhamisi, wakatazama mashimo yaliyosuguliwa, wakasema ni propre, safi kabisa, wakala kuku wakaondoka.

Baada ya siku chache kukawa na matanga mtaani, wakanunua unga wa Mama Feza kama kawaida. Waliokula bukari ile walitapika, vichwa vikawazunguka, wengine wakabebwa mpaka lopitali. Walipona. Mzee mmoja tu hakuinuka. Alikuwa mgonjwa tangu zamani, na mpaka leo sijui kama ni sisi au ni siku yake. Binti yake Odila, msichana wa miaka kama ishirini, alipiga kelele ambayo niliisikia nikiwa kwangu.

Kwanza watu walisema mihogo haikuiva. Halafu walisema mwanamke anayeloweka tangu utoto hawezi kukosea, kwa hiyo alikusudia. Siku ya tatu wakaanza kusema neno lenyewe: mulozi, yaani mchawi. Walikusanyika mbele ya nyumba yake, wakakanyaga vikapu vyake. Nilikuwa nimesimama miongoni mwao.

"Nilibonyeza!" Mama Feza alikuwa akisema, ameinua kidole gumba. "Nilibonyeza kila moja! Ilikuwa laini! Mimi sijui kuua muntu!" Macho yake yakatembea juu ya watu, yakanipata. Uso wake ukapata nuru. "Deo! Weye njo muntu wa maji. Uwaambie. Maji yalikuwa muzuri?"

Watu wote wakanigeukia.

"Yalikuwa mazuri, Mama," nikasema.

Aliniangalia. Halafu akaangalia kidole chake. Wiki ile ile alipanda treni kwenda Niemba, kwa kaka yake, na fungu moja la nguo.

Papa Zakaria alikuwa ameenda Moba kumwona dada yake. Aliporudi alisikia habari. Alichukua mabeseni mawili, akatia maji ya ziwa katika moja, na katika jingine maji meupe yaliyochanganywa na ya kijito. Akaloweka mihogo ya shamba moja katika yote mawili. Siku ya nne akaniita.

"Bonyeza."

Nikabonyeza. Yote ilikuwa laini.

"Nusa."

Beseni la maji ya ziwa lilikuwa na povu na ule uchachu tunaoujua wote tangu tumbo la mama. Beseni la pili halikuwa na harufu ya kitu kilicho hai. Lilinukia kidogo kama kiwanda.

"Onja kwa ulimi, uteme."

Mhogo wa beseni la pili ulikuwa mchungu kama siku ulipong'olewa.

Nilikaa chini. Nimekwisha kuwaambia dawa yetu inalainisha: ililainisha mihogo kama inavyolainisha ngozi, na kidole gumba cha Mama Feza kikadanganyika. Lakini mihogo haiivi kwa kulainika. Kuna uhai ndani ya maji, mdogo usioonekana, ambao unachachusha, unakula ile sumu kwa ajili yetu, siku tatu usiku na mchana, bila kudai hata asante. Mabibi zetu waliuajiri kabla ya kiwanda chochote. Mimi niliuua kwa saa moja. Niliogopa sana wakati ule, lakini naungama kwamba pamoja na hofu nilishangaa pia, kama mtu aliyefunguliwa mlango wa kanisa ambalo amekuwa akilipita miaka yote bila kuingia. Kijito kile nilichokiona kama bomba kilikuwa jiko la mtaa mzima.

"Sasa unajua," akasema Papa Zakaria. "Kwenda useme."

Nilipiga magoti. Nilimwambia nina watoto wanne, nitafukuzwa, watu watanipiga mawe. Nilimwomba na yeye asiseme. Akaniambia: "Mudomo ni wako, si wangu," akaondoka. Hakumwambia mtu, na unyamavu wake nikauita ruhusa. Alikufa mvua za mwaka ule, na mzigo niliomtwika akaenda nao.

Baada ya hapo nilitundika mkia bila kukosa, shefu apende asipende. Na shefu hakukataa tena, kwani hakukuwa na kitu cha kukataa. Miaka na miaka nilitundika mkia juu ya kijito ambamo hakuna mwanamke aliyethubutu kuloweka tena.

Kiwanda kilifungwa. Mimi nikazeeka. Kalolo ikaanza kurudi, na hapa pia nina cha kuwaambia. Kwanza walirudi vyura. Mwaka mwingine matete. Halafu ndege yule wa bluu anayepiga mbizi, siku moja nikamwona amesimama juu ya mdomo wa bomba letu la zamani la kumwagia maji ya kiwanda, ana samaki. Nilisimama pale mpaka miguu ikauma. Hakuna aliyekisafisha kijito kile. Kilijiosha chenyewe, mvua kwa mvua. Lakini msidanganyike: chukua fimbo, chimba kiganja kimoja kwenye tope chini ya bomba, linatoka tope la kijani kama shaba kuukuu. Dawa ya bluu imelala pale. Kwa hiyo watoto wasichimbe wala kufinyanga tope hilo, na anayetaka maji achote juu ya bomba, asichote chini yake.

Kiangazi kilichopita nilisikia Mama Feza amerudi, anakaa kwa wajukuu wake. Nilikaa siku tisa nikitafuta sababu ya kutokwenda. Siku ya kumi nikaenda mchana, nikamkuta ameketi kwenye mkeka anachambua maharagwe. Alinitambua kabla sijafika.

"Deo wa maji," akasema. "Umezeeka vibaya."

"Nimezeeka, Mama."

Nikamwambia yote. Shefu, wageni, mkia, hesabu yangu, mabeseni mawili, na lile jibu langu mbele ya watu. Nilipomaliza aliniuliza kitu kimoja ambacho sikukitegemea.

"Ilikuwa laini?"

"Ilikuwa laini, Mama. Chokaa njo ililainisha. Mtu yeyote angedanganyika."

Aliinua kidole gumba, akakitazama kwa muda mrefu, akakizungusha polepole kwenye mwanga. Kilikuwa kimekauka na kupinda.

"Sijaloweka tena tangu siku ile," akasema. "Kule Niemba nilikuwa nalima tu. Mihogo nawapa wengine waloweke. Nilisema kidole hiki kiliua muntu, na mimi sikukiona kikiua." Machozi yakamtoka bila sauti. "Ulinitazama macho kwa macho, Deo. Ukasema yalikuwa mazuri."

"Nilisema bongo, Mama, nilidanganya. Unisamehe."

"Tuache samahani kwanza. Samahani ni ya Mungu, na Mungu hakai huu mtaa." Akajipangusa uso. "Nenda ulete kikapu cha mihogo. Kikubwa. Utakibeba weye, kwa kichwa, mpaka Kalolo. Mchana, watu wakiona. Kila mwenye anauliza, unajibu."

Mnajua kwetu mwanaume habebi kikapu cha mihogo kichwani kwenda kuloweka. Nilikibeba. Kutoka kwake mpaka kijitoni ni mwendo mfupi, lakini siku ile ulikuwa mrefu kuliko reli. Vijana, baadhi yenu mlikuwapo, msijifiche.

"Papa Deo, umeolewa?" mmoja akapiga kelele.

"Bwana yake ni nani?"

"Mumuache apite," akajibu Mama Feza aliyetembea nyuma yangu na fimbo. "Amekunywa dawa, bado haijamaliza kushuka."

Kila aliyeuliza nikamweleza, kikapu kikiwa kichwani, shingo ikitetemeka. Wengine walicheka wakaacha kucheka katikati. Wengine wakatufuata. Tulipofika nilimwonyesha Mama Feza mahali, juu ya bomba, ambapo maji yanatoka kilimani bila kugusa tope letu. Nikaingia mpaka magotini, nikapanga mawe mimi mwenyewe, akinisahihisha kila jiwe. Wanawake waliokuwa wakifua walisimama kutazama.

Mmoja wao alikuwa mnene, nywele nyeupe, kitambaa kimefungwa kiunoni. Alisogea mpaka ukingoni. Nilimtambua kwa sauti kabla ya uso, kwa kuwa sauti ile sikuwahi kuisahau. Alikuwa Odila.

"Nimesikia unasema kitu huko njiani," akasema. "Juu ya baba yangu."

Nilisimama ndani ya maji, nikamwambia. Nikasema Mama Feza hakuwa mulozi wala hakukosea. Nikasema maji yale niliyafungua mimi, kwa mkono huu, na kwamba niliulizwa mbele ya watu wote nikadanganya.

Odila hakunitukana. Alimtazama Mama Feza, na Mama Feza alimtazama, wanawake wawili wazee ambao walikuwa wamechukiana miaka yote hiyo kwa ajili ya neno langu moja. Kisha akageuka nyuma kuwaangalia watu waliokuwa wanaendelea kuteremka kutoka barabarani.

"Rudia," akaniambia. "Kwa nguvu. Wale wa nyuma hawakusikia."

Nikarudia.